Uzi wa Kushoto

...na singa zisizidi, hilo ndilo la kwanza, singa nyingi si chambo, ni fagio, nimewaambia hivyo wanawake wa chumba hiki miaka ishirini na mbili na leo najiambia mwenyewe, maana kidole gumba kinanidanganya, kinasema basi zinatosha, na huku nahisi fungu limenenepa, toa tatu, toa nne, ziweke kando, mkia wa kulungu hauna haraka na mtu, umekaushwa, umetiwa rangi, manjano, au kijani... niliutoa kwenye boksi la tatu, boksi la tatu ni manjano, kwa hiyo huu ni manjano, usiyaulize macho, uliza boksi. Ndoana iko kwenye jiliwa, imebanwa kwa meno ya chuma, naigusa ncha polepole nijue inatazama wapi, ndoana ndefu kuliko kidole changu cha kati, na chambo chenyewe kikikamilika ni shibiri nzima kutoka kichwani hadi mkiani, wateja wanakiita nzi, nzi, sijui kwao nzi wanalishwa nini, mimi nzi wa shibiri akiingia jikoni kwangu nahama nimwachie nyumba, lakini ndivyo wanavyosema, nzi wa samaki wakubwa, wale walao wenzao, wenye meno yaliyolalia ndani, hawashtuliwi na kidudu kidogo, wanataka kuona kisamaki kilichoumia kinapita peke yake kinayumba, ndipo watoke mafichoni... hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja humu ndani, tunamjua kwa picha iliyobandikwa juu ya sinki, amefumbua kinywa kama mtu aliyekatizwa katikati ya maneno. Chana singa, toa sufu ya chini kwa kitana, gonga ncha zilingane lakini zisilingane mno, weka juu ya ndoana, zungusha uzi mara mbili bila kukaza, kisha kaza, zitawanyike zenyewe kuzunguka chuma, hapo ndipo mkono unaposikia, singa zikitawanyika vizuri kuna kitu kinatulia kidoleni, nilikuwa nawaambia wanafunzi sikilizeni kwa kidole, wakicheka, na mimi nilikuwa nikicheka, sikujua kwamba naagua yatakayonipata.

Redio anaendelea kuongea mkono wangu wa kuume, Redio hazimi, ndiyo maana ya jina lake, leo ni habari ya mpangaji wa juu yao na maji yanayodondoka kwenye kitanda, "nikamwambia fundi bomba, wewe ulikuja kuziba au kufungua? Maana kabla hujaja yalikuwa matone, sasa ni mvua," na wengine wanacheka, na mimi nacheka nyuma yao kidogo, nimechelewa, lazima nicheke la sivyo atasema Mwalimu leo una nini, kila mtu humu ananiita Mwalimu, kati ya wanawake kumi na wawili nimewafundisha tisa kushika uzi... una nini, Mwalimu. Presha ya macho, alisema daktari jana, na mimi nilikwenda nikitumaini mtoto wa jicho, mtoto wa jicho anaondolewa, jirani yangu aliondolewa asubuhi na jioni akawa anasoma majina ya maduka kwa sauti njia nzima mpaka watu wakageuka, nikasema na mimi nitasoma maduka, kumbe yangu si mtoto, yangu ni mshipa wa nyuma unaokufa kimyakimya, hauumi, hauwashi, unakula pembeni kwanza ili usishtuke. "Kilichokwenda hakirudi, mama," alisema, "tutajaribu kulinda kilichobaki," nikamuuliza kimebaki kiasi gani, akasema tumia matone haya asubuhi na jioni, yaani hakujibu, na mimi nikamshukuru, ndivyo tulivyolelewa, mtu anakwambia unapofuka nawe unamwambia asante daktari. Watu husema macho hayana pazia. Haya yangu yameota pazia pande zote mbili, limebaki tundu katikati kama tundu la ufunguo, na tundu lenyewe lina ukungu.

Fungu la pili sasa, hili linafungwa kinyume, ncha zitazame mbele, kisha nazirudisha nyuma kwa ganda la kalamu ya wino, kalamu tupu, ndiyo siri yote ya ukubwa wake, singa zikirudishwa hivyo zinasimama kama mwavuli, maji yanapita kati, chambo kinaonekana kinene kumbe ni hewa... na hiki hapa kando ya jiliwa ndicho cha kufuatisha, Rula amekiweka asubuhi juu ya kitambaa cheupe kama mtu anayeweka pete. Rula ni msimamizi, anatembea na rula ya chuma mfukoni na kila mkia anaupima, ukizidi nukta anakurudishia bila maneno, leo lakini alikuwa na maneno, alisimama katikati ya chumba na karatasi ya wateja akaisoma, akisoma anabana pua kidogo, "vyambo vya boksi lenye namba saba vimetafunwa mpaka singa zikaisha, lakini vichwa havikufumuka hata kimoja, tunaomba mia nane vya namna hiyo hiyo, vifungwe na mkono ule ule," namba saba ni mimi, miaka ishirini na mbili kikaratasi cha saba kinaingia kwenye trei yangu, na wakapiga makofi, Redio akanipiga bega, na Rula akasema, "Mwalimu, kimerudi hiki kimoja ambacho hakikutumika, kiwe mfano. Kabla ya mapumziko nitawakusanya wote wasimame kwenye meza yako, uwaonyeshe unavyofunga kichwa. Polepole, waone kila mzunguko." Waone kila mzunguko. Wote kumi na wawili wakinitazama vidole, na mimi sivioni.

Nilisema sawa, ningesema nini, nikajiambia hiki cha mfano ni cha mkono wako, ukikishika mkono utakumbuka, fuata kichwa chako mwenyewe. Basi nikakichukua, nikakipapasa tangu mkiani, singa sawa, utepe wa kung'aa sawa, macho ya plastiki mawili yamegandishwa kama pacha wawili, hayajapishana, kichwa kigumu, laini, kimepakwa gundi kimekauka kama kioo, nikapitisha ukucha juu yake kama ninavyofanya siku zote, ukucha ukakwama. Ukucha wangu huteleza nikiuvuta kuja kwangu na hukwama nikiusukuma, mizunguko inalala hivyo kwa sababu mkono wangu wa kulia hutupa uzi juu na kuupeleka mbele, kila mzunguko unaegemea mwenzake kama mbao za paa... huu ulikwama nikiuvuta, ukateleza nikiusukuma. Nikasema ni gundi. Nikarudia. Nikasema ni ukucha. Nikachukua wembe nikakwangua gundi upande mmoja, taratibu, Redio akiwa kwenye mvua ya kitandani, nikaingiza ncha ya sindano chini ya fundo la mwisho, nikalinyanyua, nikavuta uzi, na uzi ukafunguka kuelekea upande usio wangu, raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zinakwenda kule, kama mlango uliozoea miaka yote unausukuma na leo unafungukia ndani. Humu chumbani kuna mkono mmoja tu unaozungusha uzi upande huo.

Shoto. Yuko kule dirishani, mgongo kwetu, nasikia brashi yake ikigonga mdomo wa chupa, yeye ndiye anayepaka gundi vichwa vya vyambo vyote, trei zetu zote hupita kwake ndipo ziende kufungwa kwenye maboksi, kwa hiyo alikuwa na nafasi, alikuwa na trei yangu mkononi kila siku iendayo kwa Mungu, alikaa akafumua kichwa changu akakifunga upya kwa mkono wake wa kushoto, akakipaka gundi, akaacha kikaratasi changu cha saba pale pale. Tangu lini? Fikiri, fikiri huku mikono inakwenda, usisimame, Rula atakuona... fungu la tatu, chana, gonga... kulikuwa na wakati Rula alikuwa akinirudishia, vitano kwa siku, vinane, kisha akaacha, ghafla, miezi tisa sasa, na mimi nikadhani mkono umepona wenyewe, nikamwambia Redio mbele ya watu, nakumbuka maneno, "mkono wa mzoefu hauzeeki, bibi, unaiva," na Shoto alikuwa hatua nne kutoka hapo akiosha brashi, akasikia, akaendelea kuosha. Na zile siku alizokuwa akibaki sisi tukinawa mikono, nilisema anajipendekeza kwa msimamizi, nilisema hivyo, nikaongeza kwamba mtu asiye na mtu nyumbani hubembeleza kazi. Alikuwa anafumua vichwa vyangu.

Mimi ndiye niliyemfundisha. Alikuja hapa kwa ajili yangu, wifi yangu, dada pekee wa mume wangu, wasimamizi wa enzi zile walisema mwenye mkono wa kushoto hafai, ataharibu, nikasema nipeni wiki moja, nikamweka mbele yangu, meza ikiwa kati yetu, nikamwambia jifanye kioo, mimi nikinyanyua huu wewe nyanyua huo ulio mkabala nao, usifikirie, nitazame tu, na tukakaa hivyo siku sita tukitazamana kama watu wawili wanaokunywa maji ya kisima kimoja, nikivuta anavuta, nikikosea anakosea, nikikuna pua akakuna pua, tukacheka mpaka mtu wa ofisini akaja kuchungulia. Mume wangu jioni akauliza dada yangu anaweza? Nikasema dada yako ni mimi upande wa pili. Miaka kumi na tatu tulikaa uso kwa uso hivyo hivyo, hata alipokuwa mjuzi kuliko mimi hakuhama, maneno yote, siri zote, ugomvi wa nyumbani kwangu anaujua kabla sijafika mlangoni. Kisha mazishi ya kaka yake. Baada ya arubaini alibeba jiliwa lake, akalipeleka dirishani, akalifunga pale kwa skrubu nne, nikasikia kila skrubu, akanipa mgongo, na mwaka huu ni wa sita.

Namchukia kwa hili, nisijidanganye, kwanza nilichosikia ni chuki, moto uliopanda kifuani, nani kakutuma, nani kakwambia mimi ni wa kusaidiwa, miezi tisa unanivalisha nguo sijui niko uchi, unangoja siku gani, siku ya kusimama kusema huyo mnayemwita Mwalimu hafungi hata kimoja? Lakini mtu anayetaka kukuumbua hangoji vyambo elfu. Mtu anayetaka kukuumbua anangoja viwili, vitatu, anakohoa, anamwita Rula... na huyu alibaki chumba kikiwa kitupu, na mgongo wake mbovu ule, akifumua. Sipati jina la kitendo hiki. Si huruma, huruma ina maneno, huruma ingeniletea hata kikombe cha chai. Uzi umelegea, kaza, usikaze mno utakata singa, kaza kama unavyofunga kidonda cha mtu.

Kama nilivyomfunga kaka yake siku zake za mwisho. Ilikuwa mchana, jua limeingia chumbani mpaka kwenye mto, muuguzi alikuja saa sita akamtazama kucha, akaniita kando karibu na ndoo akasema, "Mama, kama kuna ndugu wa kumwita, mwite sasa," na ndugu alikuwa mmoja, na alikuwa hapa, kwenye kiti hiki kilicho tupu mbele yangu, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Nilikuwa na simu kwenye mfuko wa kanga... nilikuwa nayo. Mume wangu alikuwa amehangaika siku tatu, ndiyo kwanza ametulia, kichwa mapajani pangu, kinywa wazi kidogo, nikasema nikimwita ataingia analia, ataita jina lake la utotoni, atamshika miguu, na mume wangu atakuwa wao tena, mtoto wa mama yao, watakumbushana mto waliooga na mimi nitasimama pembeni na kitambaa, nikasema ngoja kidogo, saa moja tu awe wangu, kisha nitamwita. Simu ikaita yenyewe saa nane. Niliitoa nikaitazama, nilikuwa naona wakati ule, jina la wifi kubwa kabisa kwenye kioo, ikalia mpaka ikachoka. Ikalia tena. Mara nne. Mume wangu akafumbua macho mara moja akasema, "Nani?" nikasema, "Si mtu, lala." Saa kumi alikuwa amekwenda, na la mwisho alilolisikia duniani ni mimi nikimwambia dada yake si mtu.

Alipofika alisimama mlangoni na nyuzi za rangi bado zimenasa kwenye sketi, akauliza kwa nini hukuniita, nikasema simu ilizima, haikuwa na chaji, umeme ulikatika. Maneno matatu ya uongo, moja halikutosha. Akanitazama. Nilidhani ni kilio kilichomzuia kusema. Kwenye matanga alisema mara moja tu, mbele ya mashangazi, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayesoma methali kwenye kanga, "Mla nawe hafi nawe, wifi, ila mzaliwa nawe," na mimi nilikasirika kwelikweli, niliona kanionea, miaka sita nimekula hasira hiyo kama chakula halali, nikijiambia mwanamke gani anagombana na mjane kwa sababu ya simu iliyokwisha chaji... iliyokwisha chaji... ngoja. Simu iliyozima haiiti. Mungu wangu, simu iliyozima haiiti, ukiipigia yule mwanamke wa mashine anakwambia haipatikani, kila mtu anajua, mtoto wa miaka minne anajua. Yeye alipiga mara nne na mara nne alisikia inaita. Alisimama pale mlangoni na nyuzi kwenye sketi akaniuliza, na mimi nikamwambia ilizima, na yeye alikuwa ametoka kuisikia ikiita. Alijua. Hakujua baadaye, hakuambiwa na muuguzi, alijua pale pale neno linatoka kinywani mwangu, na aliyaacha maneno yangu yasimame mbele ya watu wote, hakuyaangusha, hakusema mwongo wewe, alisema methali tu na kuhamisha jiliwa. Miaka sita nadhani tunagombana kwa sababu sikumwita. Yeye anajua kwamba niliitazama simu.

Na bado alifumua vichwa vyangu. Mikono imesimama, ah, mikono imesimama, endelea, fungu la mwisho, hili la mgongoni, jeusi, boksi la sita, weusi naujua kwa kugusa, rangi nyeusi hukausha singa zikawa kama nyasi, weka, zungusha, ganda la kalamu, sukuma nyuma, shika, sasa kichwa, hapa ndipo penyewe, uzi uingie shingoni mwa ndoana karibu na tundu la kupitishia mshipi lakini usilizibe, kwa jicho la zamani ningesimama nusu nukta kabla, sasa natia ukucha kama kizuizi, na ukucha haujui nusu nukta, nahisi uzi umepanda juu ya tundu, umelifunika, chambo kisicho na tundu hakiendi popote, rudisha, rudisha raundi mbili, nyuzi zimelegea, zimepishana, kichwa kimekuwa kitunguu. Redio amenyamaza. Redio akinyamaza ujue kuna mtu anakuja.

"Trei," anasema Shoto. Ni neno letu, moja kwa siku, na mimi husema haya, ndiyo mazungumzo tuliyobakiwa nayo.

"Bado kimoja," nasema.

Kawaida huchukua vilivyopo akaenda. Leo amesimama. Nasikia harufu ya gundi mikononi mwake na sabuni ile ile ya kipande anayoitumia tangu msichana, na nakumbuka kwamba kile cha mfano kiko wazi juu ya kitambaa cheupe, kimekwanguliwa, uzi umening'inia kama utumbo, kwa hiyo anaona, anaona kwamba najua, nakifunika kwa kiganja lakini kiganja kimechelewa, miezi tisa kimechelewa, na Redio amejifanya anatafuta mkasi chini ya meza, Redio, ambaye hajawahi kupoteza mkasi, basi na yeye anajua, labda wote wanajua, labda walipopiga makofi asubuhi walikuwa wanampigia aliye dirishani na mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Mwambie mkono umekufa ganzi," anasema, chini, karibu na sikio langu. "Rula akija. Mwambie umelalia mkono. Nitaonyesha mimi."

"Kwa mkono gani?"

"Huu huu nilio nao."

"Watajua."

"Watajua nini? Ulinifundisha wewe. Mwanafunzi kufanana na mwalimu wake kuna ajabu gani?"

Hakuna ukali, hakuna upole pia, ni sauti ya mtu anayepanga vyombo. Mimi nilimpa uongo mlangoni siku ile na leo yeye ananiletea uongo mezani, umefungwa vizuri, tayari kutumika, na nitautumia, najua nitautumia, hapo ndipo ninapojiona nilivyo, sina hata sekunde moja ya kusema hapana. Na kesho? Kesho ganzi, keshokutwa homa, vyambo mia nane, mkono wake mmoja unafunga vyake na vyangu, mgongo ule, mpaka siku Rula ataweka rula yake juu ya kitu nilichokifunga kabla hakijafika dirishani. Matone asubuhi na jioni. Kulinda kilichobaki.

"Wifi," nasema, na neno lenyewe limekauka, sijalitumia, "siku ile, simu..."

"Usiseme."

"Nataka tu..."

"Usiseme," anasema, "ukishasema itabidi nikujibu."

Basi sisemi. Kumbe ndicho alichokuwa akikilinda kule dirishani, jibu lake, amelikalia miaka sita lisimtoke, na mimi nilidhani ni mgongo tu. Sijui ni jibu gani. Huenda ni neno moja. Huenda likitoka chumba hiki hakitatutosha tena wawili, wala nyumba, wala makaburini tulipomlaza, kwa hiyo bora vichwa, bora afumue na kufunga, afumue na kufunga, kuliko kufumbua kinywa. Hatasamehe. Sasa nalielewa hilo kwa utulivu kabisa, hajanisamehe na hana mpango, na atanifungia vichwa mpaka macho yangu yaishe, na vitu hivyo viwili havigombani moyoni mwake, ni mimi tu niliyedhani lazima kimoja kimfukuze mwenzake.

"Mwalimu," Rula anaita kutoka mlangoni, "tuko tayari?" na viti vinaanza kukwaruza sakafu, wanakuja, mkono wangu bado umeshika uzi, chambo bado kiko kwenye jiliwa na kichwa chake cha kitunguu, ni kile kile nilichokianza nilipotoa zile singa nne, nageuza uso juu kumtafuta Shoto, nimtazame mara hii, miaka sita sikumtazama kwa kukusudia, nilikuwa nageukia ukutani akipita, nina jambo nataka kuliona usoni pake, ananitazamaje, na dirisha liko nyuma yake, mwanga wote uko nyuma yake, natafuta kwa tundu langu, napata kola ya gauni, napanda, napata kidevu, kina kovu au ni kivuli, kovu sikulijua, napanda, pembe ya mdomo, imefungwa, nikiupata mdomo macho yananipotea, nikiyatafuta macho mdomo unakwenda, sikio, mvi, mvi nyingi jamani, lini... narudi, naanza tena kwenye kola, na sauti ya Rula iko karibu sasa, "Mwalimu?" na mimi nasema, huku bado natafuta, nasema mkono umekufa ganzi.